Macho ya Gari la Ña Deolinda

Mama mkwe wangu, Bi Deolinda, au Ña Deolinda kama tunavyosema huku, alijifunza kuendesha gari alipokuwa mtu mzima kabisa, baada ya kumzika mume wake, na aliyemfundisha alikuwa padri wa parokia. Ndiyo maana mpaka leo akifika kwenye kona kali hupunguza mwendo na kufanya ishara ya msalaba, na mkono mmoja tu ndio unaobaki kwenye usukani. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la Kijapani, lililoletwa huku likiwa limeshatumika. Usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini vijiti vya ishara na waipa vilibaki pale pale vilipokuwa, kwa hiyo mtu asiyelizoea akitaka kuonyesha kwamba anakata kona, waipa ndizo zinazoanza kucheza. Yeye amelizoea. Analipenda kuliko sisi wote, na hafichi.

Mimi ni Nimia, mke wa Celso, mwanawe wa mwisho. Tunakaa naye kwenye kiwanja kimoja hapa Yaguarón, nyumba yake mbele, yetu nyuma, katikati mpera na kamba ya nguo. Gari hulala nje, chini ya anga, pua ikielekea magharibi, na limelala hivyo miaka yote.

Kila Ijumaa mama alikuwa akienda Paraguarí kucheza bingo kwenye ukumbi wa kanisa, pamoja na Ña Ceferina, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Ña Ceferina anauza chipa, mikate midogo ya jibini, kwenye stendi ya mabasi. Ni mwembamba, sauti yake inasikika mtaa wa pili, na kila chipa anayouza huifunga kwenye karatasi pamoja na habari moja ya mjini. Bingo ile zawadi yake ni kuku, au seti ya glasi, au gunia la unga. Hawaendi kwa ajili ya zawadi. Wanaenda kwa sababu ni safari, na ni wao wanaoendesha.

Ijumaa moja walikuwa wanarudi, jua limeshazama lakini giza bado halijakamilika. Karibu na daraja dogo mama akamwona Don Basilio, mwenye duka la nyama, amesimama katikati ya barabara na shati lake jeupe. Akapiga honi. Don Basilio hakusogea. Mama akasimamisha gari, akateremsha kioo, akatoa kichwa.

"Don Basilio, kwa heshima zote, toka barabarani. Mkeo anakusubiri nyumbani na wewe umesimama hapa kama nguzo ya umeme."

Akapiga honi tena.

"Umekunywa tena, sivyo?"

Ña Ceferina alikuwa ameinama mbele, pua yake karibu iguse kioo.

"Deolinda," akasema polepole, "huyo ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa kawaida. Tazama, ana mkia."

Ng'ombe akageuza shingo, akawaangalia wote wawili, akaendelea kutafuna. Ña Ceferina alicheka mpaka wakafika nyumbani. Mama naye alicheka, lakini nilipomfungulia lango niliona kwamba kicheko chake kilikuwa cha mdomoni tu.

Kesho yake asubuhi habari ilikuwa imeshauzwa pamoja na chipa. Jumapili, baada ya misa, Don Basilio mwenyewe alimuuliza mama kama anaona amenenepa siku hizi. Watu walicheka, naye akamjibu vizuri, akasema kwamba yule mwingine alikuwa na adabu zaidi. Lakini habari haikuishia kanisani. Ilipanda basi ikaenda Asunción, ikamfikia wifi yangu, Mirta.

Mirta ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Anapokuja nyumbani, hata mbwa hukaa sawasawa. Alifika Jumatano, akavuta kiti, akakaa mkabala na mama yake ambaye alikuwa anamenya muhogo.

"Mama, sikuja kugombana."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuchukua funguo za gari."

Mimi nilikuwa jikoni na nikasogeza sufuria ya moto mbali na ukingo, maana nilitarajia vita. Mirta naye alijiandaa. Nilijua kwa jinsi alivyoshusha pumzi kwamba ana hotuba nzima, yenye sehemu ya kwanza na ya pili. Lakini mama aliweka kisu chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa funguo, akaziweka mezani juu ya maganda ya muhogo.

"Haya," akasema. Akaenda kumwagilia maua.

Mirta alibaki ameshika funguo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Akaniangalia.

"Anaumwa?"

"Sijui," nikasema. "Mimi pia nimeogopa."

Akazikabidhi kwa Celso, akamwonya asimpe mama hata kwa kulazimishwa, kisha akaondoka. Hotuba yake akaondoka nayo.

Siku zilizofuata nyumba ilipoa. Ijumaa mama alivaa nguo ya kawaida, akakaa chini ya mpera akinywa tereré, ile chai yetu ya maji ya barafu, peke yake, na kunywa tereré peke yake kwetu ni kama kula chakula umegeukia ukuta. Ña Ceferina hakumkanyagia hata kizingiti, naye mama hakumtaja. Asubuhi alianza kununua mkate dukani badala ya chipa. Nikamwona Ña Ceferina akipita na kapu lake kichwani, anapunguza mwendo mbele ya lango letu, anatazama ndani, halafu anakwenda zake.

Jioni moja nikamkuta mama amesimama uani, ameziba jicho moja kwa kiganja, anatazama mnara wa kanisa. Akaziba la pili. Akarudia la kwanza.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahesabu madirisha."

"Mangapi?"

"Ndiyo shida yake, Nimia. Sikumbuki yalikuwa mangapi nilipokuwa naona vizuri." Akashusha mkono. "Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza jioni, baadaye mchana. Mwisho alikuwa anatujua kwa harufu. Mimi nilinuka sabuni, kaka yangu alinuka farasi."

Nilikuwa silijui hilo. Nilijua bibi wa Celso alikufa kipofu, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama alikuwa anaisubiri zamu yake. Kumbe ndiyo maana alitoa funguo bila neno. Usiku huo nilimweleza Celso, Celso akampigia dada yake, na Mirta akapata nafasi kwa daktari wa macho Asunción. Sauti yake kwenye simu haikuwa ya mwalimu mkuu.

Tulikwenda watatu, Mirta akituendesha kwa gari lake. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye subira. Alimtia mama matone, akammulika, akamsomesha herufi kubwa na ndogo, akamfanya afuate kidole. Mama alijibu kila kitu kwa sauti ya mtu aliye mahakamani.

"Bibi," daktari akasema mwishoni, "una macho ya umri wako, na yanafanya kazi yake. Kuna ukungu mdogo sana unaanza upande wa kushoto, tutautazama tena mwakani. Miwani ni hiyo hiyo."

"Kwa hiyo sipofuki?"

"Kwa niliyoyaona leo, hapana."

"Mama yangu alipofuka."

"Mama yako alikuwa na kisukari?"

"Alikuwa nacho. Na hakuacha kula sukari."

"Wewe huna. Nimetazama vipimo vyako."

Mama akavuta pumzi, akaitoa, akarekebisha nywele zake ambazo hazikuwa na shida yoyote. Halafu akamgeukia Mirta taratibu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Lakini ng'ombe alikuwepo."

Tulirudi jioni. Mimi nilikaa nyuma. Tulipotoka nje ya mji giza likaanza kuingia, Mirta akawasha taa, na mama akaanza kusoma barabara kwa sauti.

"Tairi, tunaziba na kujaza upepo. Chipa ya moto. Vyumba vya kupanga, uliza kwa Ña Tomasa. Mbwa. Mbwa mwingine. Shimo, Mirta."

"Naliona, mama."

"Hulioni. Shimo."

Gari likadunda, kichwa changu kikagonga dari.

"Nilikuambia. Anakuja mtu kwa baiskeli, hana taa, amevaa kofia, amebeba kitu mgongoni, nadhani gitaa."

Mirta alikaza macho. Mimi pia nilichungulia. Tulikwenda, tukakwenda, na baiskeli ikatokea, na mtu, na kofia, na gitaa.

"Mirta," mama akasema, "gari lako linaona vizuri sana."

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alimwita Celso atoke na funguo, akamwambia awashe taa za gari lake, yeye akasimama mbele ya boneti. Mwanga uliotoka ulikuwa rangi ya chai ya juzi. Ulifika kwenye mpera ukachoka. Mama akainama, akapitisha kidole kwenye taa moja, kisha kwenye nyingine. Plastiki ilikuwa ya njano, imekwaruzika, ina ukungu mzito kama kucha za mzee. Akaweka kiganja mbele ya mwanga, akakitazama.

"Haya, Mirta, njoo umwone mgonjwa," akasema. "Mwenye mtoto wa jicho si mimi. Ni hizi."

Mirta aliinama kando yake. Hakubisha, lakini hakukubali pia. Ndivyo alivyo.

"Zibadilishwe," akasema. "Halafu nione mwenyewe ukiendesha jioni. Kabla ya hapo funguo zinabaki kwa Celso."

Jumamosi Celso akazunguka kwa wauza spea zilizotumika. Akarudi mikono mitupu. Taa za gari lile zipo, alisema, lakini zote zimekaa juani umri ule ule, zote zina njano ile ile. Kununua ni kubadilisha mgonjwa kwa mgonjwa. Lakini njiani amekutana na rafiki yake mmoja aliyempa dawa ya uhakika: dawa ya meno.

Alitumia tyubu nzima. Alisugua kwa kitambaa, akaziosha kwa mpira wa maji, na kweli taa zikang'aa, tukapiga makofi, uwanja mzima ukanukia mnanaa. Mama akawa anatoka kila saa kuzitazama. Ikaja mvua, likaja jua, likaja jua lingine, na kabla ya wiki mbili njano ilikuwa imerudi kwao, safari hii na mabaka.

"Angalau hazina meno mabovu," mama akasema, akaingia ndani.

Mirta akipiga simu anauliza taa zimefikia wapi, na Celso anajibu kwamba tunaendelea. Hatukuwa tunaendelea na chochote. Gari lilikaa pale, na majani ya mpera yakaanza kulifunika.

Halafu Jumamosi moja asubuhi tukasikia mtu anapiga makofi ya hodi langoni. Mama alikuwa uani na kibuyu chake cha tereré. Aliyesimama nje alikuwa Ña Ceferina, amebeba beseni kichwani mahali pa kapu.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Deolinda, usinifanyie hivyo. Unaniona."

"Mimi nina macho mabovu. Mji mzima unajua."

Ña Ceferina alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mimi nilijifanya napanga nguo kwenye kamba.

"Nimeleta msasa," akasema.

"Wa kusugulia nini, ulimi wako?"

"Ukibaki, na ulimi tutausugua. Nifungulie, beseni zito."

Mama hakuinuka. Aliniangalia mimi, nikaelewa, nikaenda kufungua.

Ndani ya beseni kulikuwa na karatasi za msasa za aina tatu, utepe wa karatasi, kopo la polishi, kopo la vanishi ya kupuliza na vitambaa safi vilivyokatwa kutoka kwenye shuka kuukuu. Ña Ceferina ana mpwa wake huko mji wa Encarnación anayepaka magari rangi. Alikuwa amesikia stendi habari ya taa na dawa ya meno, akampigia simu, akamweleza, na mpwa akamtumia vitu vile kwa basi, na maelezo akampa kwa mdomo, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza shangazi yake hakumwacha amalize.

"Amesema jua ndilo limeunguza ngozi ya juu ya plastiki," akaeleza, huku akivua viatu. "Chini yake ni nzima. Tunaitoa ngozi mbovu, tunang'arisha, halafu tunaivalisha ngozi mpya. Dawa ya meno inapaka poda tu."

Celso, aliyekuwa anatoka kwenda kazini, alijifanya hakusikia.

Mimi nilibandika utepe kuzunguka taa ili rangi ya gari isichubuke. Tukachanganya maji na sabuni. Mama alikuwa bado amekaa, anatazama kwa mbali, lakini Ña Ceferina alipochovya msasa na kuanza kusugua taa ya kulia kwa mizunguko, alisimama.

"Si hivyo. Unasugua kama unaosha sufuria. Nyoosha mkono, nenda upande mmoja."

"Mpwa wangu hakusema upande mmoja."

"Mume wangu alikuwa seremala, Ceferina. Nimesugua viti vya nusu ya mji huu. Lete karatasi moja."

Hivyo ndivyo walivyoanza, mama taa ya kushoto, Ña Ceferina ya kulia, magoti yamekaa kwenye magunia, mimi nikiwamiminia maji. Ulianza msasa mkali. Maji yaliyotiririka kwenye bampa yalikuwa ya njano, mazito, kama maji ya kuoshea miguu baada ya hija.

"Tazama uchafu huo," Ña Ceferina akasema. "Na wewe ulikuwa unanibeba humo."

"Nilikuwa nakubeba bure, unyamaze."

Walisugua mpaka maji yakaacha kuwa njano. Lakini taa zenyewe ndiyo kwanza zikageuka. Zilikuwa nyeupe sasa, nyeupe ya maziwa, huoni hata balbu ndani. Wakati huo Celso akarudi kula chakula cha mchana. Alisimama langoni na baiskeli yake.

"Mama," akasema, "zilikuwa zinaona kidogo. Sasa hazioni kabisa."

Mkono wa mama ukasimama. Nilimwona uso. Alikuwa anazitazama taa zile mbili nyeupe, na najua alikuwa anamwona nani.

"Mpwa wangu alisema zitakuwa nyeupe kwanza," Ña Ceferina akasema haraka.

"Alisema, au wewe umeongeza? Maana wewe huwa unaongeza."

"Ile habari ya ng'ombe sikuongeza kitu."

"Ceferina."

"Kidogo tu. Pale uliposhuka kumpa mkono."

"Nilimpa ng'ombe mkono?"

"Pale stendi ilinoga sana."

Celso aligeuza uso ukutani, mabega yanamcheza. Mama hakucheka. Alikuwa bado ameshika msasa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Walinichukulia funguo," akasema.

"Najua. Sikujua kwamba watakuchukulia. Ningejua, ningenyamaza."

"Ungeweza?"

Ña Ceferina alifikiri kwa uaminifu.

"Ningejitahidi," akasema.

Hapo mama akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akajipangusa uso kwa mkono wenye povu, akajipaka zaidi.

"Nilidhani ni macho, Ceferina. Nilidhani yamenifika kama mama."

"Najua ulidhani. Nani alikuwa anamshika mama yako mkono kumpeleka kanisani ulipokuwa umejifungua Mirta? Nilipoona hununui chipa nilijua ni hasira. Nilipoona huendi kuzozana na Mirta nilijua ni hofu." Akachovya karatasi mpya. "Sasa huu ni msasa laini. Tunasugua kwa kukatisha, kutoka juu kwenda chini, mpaka ile mistari ya kwanza ife. Sogea, unaniziba mwanga."

Waliendelea. Walipofika kwenye msasa wa tatu, ambao ukiushika ni laini kuliko kitambaa cha koti, sauti yake ilikuwa imebadilika kutoka kukwaruza hadi kunong'ona. Bado taa zilikuwa na ukungu, lakini ukungu ulio sawasawa, kama kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Celso alikuwa ameshakula muhogo wake amesimama, hakutaka kuondoka.

Ña Ceferina akafungua kopo la polishi, akachota kidogo kwa kitambaa, akampa mama.

"Anza wewe."

Mama akasugua kwa mizunguko midogo, kwenye kona moja, kwa nguvu, mpaka bega likamtetemeka. Akapangusa. Pale alipopangusa palikuwa hapana kitu. Namaanisha plastiki ilikuwa haionekani; ulikuwa unaona moja kwa moja mpaka ndani, balbu na kile kioo cha fedha kinachoizunguka, na mle ndani uso mdogo sana wa mama, umepinduka.

Akachota polishi nyingine.

Kazi hiyo iliwachukua mchana wote, kwa sababu walibishana taa ya nani inang'aa zaidi na kila mmoja akawa anarudia yake. Kila nilipowaambia imetosha, mmoja wao aliona doa. Mwisho tulizifuta kwa spiriti, tukaziacha zikauke, tukasubiri upepo utulie. Ulikuwa upepo wa kaskazini, ule unaoleta vumbi na kumfanya kila mtu awe na kisirani, na huwezi kupuliza vanishi ndani yake. Tulikaa chini ya mpera watatu, kibuyu kikazunguka, kutoka kwa mama kwenda kwa Ña Ceferina, kuja kwangu, kurudi kwa mama. Jioni upepo ukatulia. Ña Ceferina akapuliza taa ya kwanza kwa mkono mwepesi, mama ya pili, tabaka jembamba, halafu lingine.

Kwenye taa ya Ña Ceferina akatua mbu mdogo, akanasa.

"Nimtoe?"

Mama akampiga kofi mkononi.

"Ukigusa utaacha alama ya kidole. Mwache akae. Ndiye pekee aliyekubali kukaa karibu na wewe kimya."

Mirta alikuja kesho yake, Jumapili, kama alivyoahidi. Alizitazama taa mchana, akazigusa, akauliza nani amefanya. Akaambiwa. Akauliza mara ya pili. Magharibi ilipoingia tukapanda gari, mama kwenye usukani, Mirta kando yake, mimi na Ña Ceferina nyuma. Mama akawasha taa, na kabla hatujatoka langoni niliona ukuta wa jirani wa ng'ambo, matofali yake moja moja, na paka aliyekaa juu akijilamba.

Tuliingia barabara ya Paraguarí. Mwanga ulikuwa mweupe, ulikwenda mbele yetu ukiwa umenyooka, unaonyesha majani ya pembeni na udongo mwekundu na kokoto. Mama aliendesha vizuri. Alipunguza mwendo kwenye kona, akafanya ishara ya msalaba, na Mirta akafumba macho kidogo, lakini akanyamaza. Hata Ña Ceferina alinyamaza, amenishika mkono.

"Mama, simama," Mirta akasema ghafla.

Mama akasimamisha gari. Tukadhani limetokea jambo. Mirta akafungua mlango, akashuka, akaanza kutembea mbele ya gari ndani ya mwanga. Alikwenda mbali, mpaka akawa mdogo. Akageuka, gauni lake jeusi, akanyoosha mkono juu kama anavyofanya shuleni mbele ya mstari.

"Vidole vingapi?" akaita.

Mama akatoa kichwa dirishani.

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Kimoja. Na Mirta, funga kamba ya kiatu cha kushoto, utaanguka."

Mirta akatazama chini. Tulimwona anainama, anapiga goti katikati ya barabara, anafunga kamba. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji. Aliporudi na kukaa kwenye kiti chake macho yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa ile ya kwenye simu.

"Nilidhani na wewe utakuwa kama bibi," akasema. "Nilikuwa naogopa, mama, nikawa nakufokea."

"Hukunifokea. Ulichukua funguo kwa adabu." Mama akamgusa shavu. "Mimi pia niliogopa. Tungeogopa pamoja ingekuwa nafuu."

"Mwakani utarudi kwa daktari."

"Nitarudi."

"Na mvua ikinyesha huendeshi usiku."

"Mvua kubwa."

"Mvua yoyote."

"Tutaitazama mvua yenyewe," mama akasema, akaingiza gia.

Tangu siku hiyo funguo zimerudi kwenye mfuko wa aproni. Celso amejenga kibanda cha nyasi upande wa magharibi ili gari lisipigwe tena na jua la alasiri, na mama ameshona vifuniko viwili vya taa kutoka kwenye pazia la zamani, vina maua na mpira wa kubana, vinafanana na kofia za watoto wachanga. Ña Ceferina hakuweza kujizuia. Aliieleza stendi nzima, safari hii habari ya taa, na najua aliongeza, kwa sababu Jumamosi iliyofuata padri alikuja na pikapu ya parokia akiuliza kama ni kweli kwamba wale mabibi wawili walilirudishia gari macho kwa siku moja bila hata kuvua aproni. Walimsugulia. Baada yake akaja mwalimu wa kwaya, halafu Don Basilio, ambaye alileta nyama ya kuchoma na kukaa nayo mpaka ikaisha. Mirta naye aliliacha gari lake wikiendi nzima, akasema ni kwa bahati tu.

Leo ni Ijumaa. Nimewasikia wakitoka, wanabishana dirisha lifunguliwe au lifungwe, Ña Ceferina akisema upepo unamharibia nywele na mama akisema nywele gani. Lango limefungwa, vumbi limetua. Mimi na Celso tumebaki na kibuyu cha tereré na jagi la maji ya barafu, na uwanja wote ni wetu.